Rehani Iko kwa Nani?

Hoja ni hii. Mtu usiyemjua kwa sura wala kwa ukoo anakuomba mkopo wa wiki moja mtandaoni, na yuko tayari kukuwekea Bitcoin rehani. Umpe? Na tugeuze upande: wewe ndiye mwenye shida, yeye ndiye mwenye pesa. Umkabidhi rehani yako?

Mjadala nimeuweka Adu, wadi iliyo katika eneo bunge la Magarini, Kaunti ya Kilifi, upande wa bara ukishaiacha barabara ya Malindi kwenda Garsen. Wanenaji wanne nimewaunda mwenyewe, ndiyo maana sikuwapa majina: kijana fundi wa simu ambaye pia ni wakala wa M-Pesa, mama mweka hazina wa chama, mzee aliyekulia upande wa Kaloleni, na ustadhi kutoka Mambrui. Adu nimeichagua kwa sababu moja. Huku mtu anaweza kuwa na ardhi aliyoachiwa na babu yake na bado benki ikamwona hana kitu, kwa kuwa hana hati. Mradi wa makazi wa Magarini ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa fedha za Australia ulikuja na ramani na matingatinga, ukaondoka baada ya miaka kama kumi, na wimbo wa hati miliki ungali unaimbwa kila uchaguzi. Mahali kama hapa suala la dhamana si la kinadharia.

KIJANA: Naanza na hesabu, porojo baadaye. Siku ya gulio wauza mbuzi wakishalipwa wanakuja kuweka pesa kwenye simu, hawataki kutembea nazo. Saa nne floti yangu, ile pesa ya wakala kwenye simu, imeisha, nawarudisha wateja. Nikipata shilingi 25,000 za siku saba mambo yangu yananyooka. Benki itaniuliza hati. Fuliza, ule mkopo mdogo wa M-Pesa, hainifikishi huko. Lakini nina Bitcoin kidogo, na sitaki kuiuza kwa sababu naona bei itapanda. Kuna mtu yuko Manila au Lagos, sijui, ana USDT, zile dola za mtandaoni. Namwekea Bitcoin ya dola 300, ananipa USDT 200, baada ya wiki namrudishia 220, naye ananirudishia Bitcoin yangu. Nikikimbia, anabaki na 300. Hanijui, simjui, na hatuna haja ya kujuana.

MAMA: Mwanangu, una mali ya 300 na unakopa 200. Wewe huna shida ya pesa, hutaki tu kuuza ulicho nacho. Kwenye chama chetu anayekuja kukopa ni yule ambaye hana. Mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, au mgonjwa yuko Malindi na hospitali inasubiri malipo. Huyo atatoa wapi rehani ya kumzidi mkopo wenyewe? Halafu asilimia 10 kwa wiki! Mkopo wa simu wa M-Shwari ulipoanza mwaka 2012 ulikata asilimia 7.5 kwa mwezi mzima, na bado watu waliguna.

KIJANA: Mama, hata mwenye ng'ombe hamuuzi kwa karo ya muhula mmoja kama anaweza kukopa. Ng'ombe ana mimba.

MAMA: Ng'ombe akiwa na mimba, tumbo naliona. Hiyo yako ina mimba ya nini?

Hapo walicheka wote, kijana naye, lakini kisheria yuko mahali pazuri kuliko anavyodhaniwa. Tangu mwaka 2017 Kenya ina sheria inayoruhusu mali inayohamishika kuwekwa dhamana: mifugo, mazao, pikipiki, hata madeni unayowadai watu. Wazo la kukopa bila kuuza halikuletwa na vijana wa kripto. Walicholeta wao ni kukopeshana na mtu usiyeweza kumfikia kwa miguu, wala kwa chifu, wala kwa shangazi yake.

MZEE: Nieleweshe kitu kimoja. Wakati wa hizo siku saba, rehani iko kwa nani?

KIJANA: Kwake. Kwa mkopeshaji.

MZEE: Na yeye yuko wapi?

KIJANA: Si nimesema, Manila au Lagos.

MZEE: Basi mkopeshaji ni wewe. Umempa 300, amekupa 200.

Nisiwaharakishe wasomaji kupita hapa, maana swali la Mzee linasumbua soko zima hili. Tazama bei inavyocheza. Kati ya tarehe 12 na 13 Machi 2020, dunia ilipoingiwa na hofu ya korona, Bitcoin ilipoteza karibu nusu ya thamani yake. Rehani ya 300 ikishuka hadi 150, mkopaji hana sababu ya kurudi: amekwisha kupata 200. Ikipanda hadi 450, mwenye kuishika anapata kishawishi cha kubadilisha namba na kupotea. Kati ya ncha hizo mbili ndipo rehani inafanya kazi yake, na soko hili halijulikani kwa kukaa katikati. Rehani iliwekwa ili watu wasihitaji kuaminiana. Bei ikitikisika, uaminifu unabisha hodi tena.

KIJANA: Mzee wangu, watu hawakuanza na rehani. Mwanzoni walikopeshana kwa jina tu. Mtu anajenga jina lake mtandaoni: leo anakopa kidogo na kurudisha, kesho kubwa kidogo, wenzake wanamsifu hadharani.

MAMA: Na halafu?

KIJANA: Halafu wengine wakauza majina yenyewe. Unanunua akaunti ya mtu mwenye sifa za miaka, unakopa kwa jina lake, unapotea. Wapo waliokubali akaunti kuwa ndiyo rehani: usipolipa nachukua jina lako.

USTADHI: Subhanallah. Jina la mtu linauzwa kama kanzu ya mitumba.

KIJANA: Na yupo wa Texas, Trendon Shavers. Kati ya 2011 na 2012 alikusanya Bitcoin za watu wasiomjua akiwaahidi asilimia 7 kwa wiki. Tume ya dhamana za mitaji ya Marekani ilipomshtaki mwaka 2013 ilitaja Bitcoin zisizopungua 700,000. Alikuwa akiwalipa wa jana kwa pesa za wa leo. Mwaka 2016 akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na nusu.

MAMA: Asilimia 7 kwa wiki alikuwa mwizi, na asilimia 10 kwa wiki ni biashara yako. Endelea.

KIJANA: Mama, yule hakuweka rehani yoyote! Hilo ndilo somo walilolipata watu. Rehani ikaja baada ya hasara.

MZEE: Mimi nitasimulia tulivyofanya, msinikatize. Upande wa Kaloleni, mtu akifikwa na mahari au matanga, aliweka minazi rehani. Mwenye pesa anapanda, anagema, anaangua nazi, mpaka siku deni litakaporudi. Lakini haikuwa siri ya watu wawili. Wazee waliitwa, wakaonyeshwa mnazi mmoja mmoja, huu na huu, ule wa mpakani haumo. Tembo likanywewa. Miaka ikipita na mtoto wa mkopeshaji akisema minazi ni ya baba yake, wale waliokunywa walikuwapo kusema hapana.

Mwanaanthropolojia David Parkin aliandika kitabu kuhusu Wagiriama wa huko mwaka 1972, na katika jina lake aliweka minazi, tembo na mashahidi. Alichokiona ni kwamba matajiri chipukizi wa Kigiriama waliokuwa wakijilimbikizia minazi na mashamba, pamoja na pesa zao zote, walibaki wakiwategemea wazee. Bila mzee wa kukutolea ushahidi, mnazi ulioulipia si wako. Kwa hiyo walihudhuria matanga, walinunua tembo, walikaa vizuri na watu ambao moyoni pengine waliwaona wamepitwa na wakati.

USTADHI: Mzee, niwie radhi, hiyo rehani yenu mimi siikubali. Mkopeshaji akila matunda ya rehani, huo ni mkopo uliovuta faida, na hiyo ni riba. Rehani ni amana. Aya ya deni ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inataka mwandishi na mashahidi. Rehani imekuja katika aya inayofuata, kwa msafiri asiyempata mwandishi. Hata Mtume, rehema na amani zimshukie, alifariki deraya yake ikiwa rehani kwa Myahudi kwa ajili ya shayiri. Yule Myahudi hakuivaa akaenda nayo vitani.

MZEE: Ustadhi, aliyekopesha miaka ya njaa bila kula hata nazi moja, sikumwona.

USTADHI: Hukumwona haina maana ni halali.

MZEE: Sawa. Lakini mnazi ulibaki palepale shambani. Asubuhi naamka namwona yuko juu anagema. Najua rehani yangu ipo na najua anafanya nini nayo.

Kauli hiyo ya Mzee ndiyo ningemsomea kila aliyeweka mali yake Celsius. Kampuni hiyo ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2017 ilipokea kripto za watu, wengine wakiweka akiba na wengine wakikopa kwa rehani. Mali ile haikukaa ghalani. Kampuni iliikopesha kwingine, ikaicheza, ikaiweka rehani yenyewe kwa wengine. Tarehe 12 Juni 2022 ikafunga mlango wa kutoa pesa, na mwezi uliofuata ikaomba kinga ya kufilisika. Waliokopa na waliokuwa tayari kulipa walijikuta rehani zao zimenaswa humohumo na za wengine. Mwanzilishi wake, Alex Mashinsky, alihukumiwa miaka 12 jela Mei 2025. Mgema wa Kaloleni alikula nazi, naam. Hakung'oa mnazi akaupeleka sokoni.

KIJANA: Hiyo ni kampuni, na kampuni ni watu. Ndiyo maana wengine tunasema rehani asishike mtu yeyote. Ishikwe na mkataba unaojiendesha: programu iliyo wazi, kila mtu anaisoma, haina shemeji wala haihongwi. Thamani ya rehani ikishuka chini ya kiwango, inaiuza yenyewe, inamlipa anayedai, kilichobaki kinarudi kwa mwenyewe. Maker ilianza hivyo mwaka 2017, Aave ikafuata. Mabilioni ya dola yamepita humo.

MAMA: Ikiuza, inamuuzia nani?

KIJANA: Inanadi. Yeyote anaweza kutoa bei.

Mama aligonga palepale bila kujua. Siku ileile ya tarehe 12 Machi 2020, bei ya etha, sarafu ya mtandaoni iliyowekwa rehani humo, ilipoporomoka, mnada wa Maker ulifunguliwa kama ulivyoandikwa. Mtandao ukasongamana, wanunuzi wengi wakashindwa kuingia, na wachache walioingia wakatoa bei ya sifuri. Mnada ukawakubalia. Rehani za watu zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 8 zilichukuliwa bure, kwa kufuata kanuni, pasipo mtu kuvunja sheria yoyote.

MZEE: Kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kusema subirini, mnada huu hauna watu.

KIJANA: Hapakuwa na mtu. Ndiyo sifa yake, na siku ile ikawa ndiyo kasoro yake. Baadaye walirekebisha taratibu.

MZEE: Walirekebisha wakiwa wamekaa wapi?

KIJANA: Walijadiliana, wakapiga kura.

MZEE: Baraza, basi.

Kijana hakupenda. Alivuta kiti mbele, na kwa maoni yangu alichosema baada ya hapo ndicho kilichokuwa kizito kuliko vyote jioni hiyo.

KIJANA: Mnaisifu baraza kana kwamba haikuwahi kumdhulumu mtu. Mzee, nani alikuwa shahidi kwenye ile njaa kubwa ya miaka ya 1880? Mijikenda waliweka watoto rehani kwa wenye nafaka wa pwani. Watoto! Wengi hawakukombolewa, wakaishia utumwani au wakapotelea katika koo za watu. Mashahidi walikuwapo, wakaona, na ushahidi wao haukumrudisha mtoto kwa mamake. Na hiyo minazi, wazee walikuwa wakimshuhudia nani? Aliyewanunulia tembo. Mjane asiye na pesa ya tembo alishuhudiwa na nani? Mimi nikiweka rehani kwa mtu wa Manila, hajui mimi ni wa ukoo gani, hajui babangu aligombana na nani. Ananiuliza kitu kimoja: unayo au huna. Kwangu mimi hiyo ni heshima.

USTADHI: Umesema kweli kuhusu watoto, na sisi wa pwani tuliokuwa na nafaka tuna sehemu yetu katika aibu hiyo.

MZEE: Hilo silipingi. Shahidi naye ni mtu.

MAMA: Mimi silipingi, ila naliongezea. Mjane kwenye chama chetu hanunui tembo. Anaweka shilingi 100 kila wiki mbele ya macho ishirini, na anapokopa hatumuulizi ukoo. Tumemwona akiweka. Sasa nikudai wewe jibu: huyo wa Manila akinidhulumu, naenda wapi?

KIJANA: Sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali ilitiwa saini Oktoba 2025. Benki Kuu, ambayo mwaka 2015 ilikuwa ikitutahadharisha tu tuikimbie Bitcoin, sasa imepewa jukumu la kutoa leseni pamoja na mamlaka ya masoko ya mitaji.

MAMA: Itampa leseni huyo wa Manila?

KIJANA: Hapana. Itazipa kampuni.

MAMA: Mahakama ya madai madogo inasikiliza mpaka shilingi milioni moja. Hati ya kuitwa nitampelekea nani? Picha ya paka aliyoiweka kwenye akaunti?

Niseme upande ninaousimamia kuhusu hili. Vijana wa Kenya wamezoea kuuziana USDT kwa M-Pesa na watu wasiowajua, na wengi hawajapata shida, kwa sababu kampuni ya katikati, kama Binance, inazizuia zile USDT mpaka muuzaji athibitishe kuwa pesa imeingia. Wakadhani mkopo ni kitu kilekile. Kuuziana huisha kwa dakika chache. Mkopo unalala, na kila usiku unaolala bei inatembea na watu wanabadilisha nia. Wala ukubwa wa taasisi si tiba. Wakopeshaji wa mtandaoni duniani kote walichangia kupitia jukwaa la kripto la Goldfinch mkopo wa dola milioni 5 kwa Tugende Kenya, kampuni ya kukopeshea pikipiki. Huku chini mwendesha boda anakopeshwa pikipiki, nayo pikipiki yenyewe ndiyo dhamana, asipolipa inachukuliwa na kila mtu stendi anaona. Huko juu, mwaka 2023 ikatangazwa kwamba takriban dola milioni 1.9 zilihamishiwa kampuni dada ya Uganda kinyume cha masharti. Wenye pesa hawakuwa na mtu stendi.

KIJANA: Lakini si kweli kwamba teknolojia na majirani haviwezi kukaa pamoja. Bangla-Pesa ya Mikindani, Mombasa, ilianza kwa karatasi mwaka 2013, wafanyabiashara wadogo wakidhaminiana. Serikali ikawakamata watu sita, halafu mashtaka yakafutwa. Baadaye ikakua kuwa Sarafu, ikaingia kwenye daftari la pamoja la mtandaoni, na shirika lake lina makao hapa hapa Kilifi. Kinachoidhamini si dhahabu. Ni ahadi ya mwenye duka kwamba atakupa unga, na fundi kwamba atakushonea.

MAMA: Hiyo naielewa. Lakini fundi yule nampita kila siku.

KIJANA: Basi sikilizeni. Bitcoin inaweza kufungwa kwa funguo tatu, na mbili zikikubaliana ndipo inatoka. Mmoja mimi, mmoja mkopeshaji, mmoja mtu wa tatu. Nikilipa, mimi na mkopeshaji tunafungua. Nikikimbia, mkopeshaji na yule wa tatu wanafungua. Mkopeshaji akitaka kunidhulumu, mimi na wa tatu tunafungua.

MAMA: Kama sanduku la chama. Kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na mwenye sanduku hana ufunguo.

MZEE: Kwa nini hukuanza na hili?

KIJANA: Kwa sababu wakopeshaji wengi mtandaoni hawalitaki. Wanataka rehani mkononi mwao.

MZEE: Si umeona sasa wewe mwenyewe.

MAMA: Na wa tatu ni nani? Mtu wa Manila atamkubali Mzee?

KIJANA: Hawezi kumjua Mzee.

USTADHI: Na mimi msinitie humo. Simu yenyewe naisahau msikitini, ufunguo wa mali ya watu nitauweka wapi?

MAMA: Mwanangu, mimi nitakukopesha. Chama kina 25,000. Bitcoin yako tuifunge kwa huo mtindo: wewe, mimi, na binti wa katibu anayesoma Chuo Kikuu cha Pwani, anajua mambo hayo kuliko sisi. Wadhamini wawili wanachama. Na wewe mwenyewe ujiunge, uchange miezi mitatu kwanza.

KIJANA: Miezi mitatu! Gulio ni keshokutwa.

MAMA: Basi mwezi mmoja, na wadhamini wawe watatu.

USTADHI: Na asilimia ngapi?

MAMA: Asilimia 10, lakini kwa mwezi, na inarudi kwa wanachama wenyewe mwisho wa mwaka.

USTADHI: Riba ikigawanywa kwa wengi ni riba.

MAMA: Ustadhi, basi tutamuuzia floti kwa faida, tukubaliane bei kabisa leo?

USTADHI: Pesa kwa pesa haiuzwi kwa faida. Mnunulieni kitu. Anauza nini kingine pale dukani?

KIJANA: Chaja na vioo vya simu.

USTADHI: Vioo vinunuliwe na chama, vije mikononi mwenu kwanza, ndipo mumuuzie kwa bei ya juu na alipe baadaye. Pesa yake mwenyewe ya vioo aitie kwenye floti.

MZEE: Na mimi nitashuhudia. Lakini hivyo vioo nionyeshwe kimoja kimoja.